Paka mwenye mba: usimpake mafuta ya taa

Paka anayelinda unga na mchele wetu naye huugua ngozi. Ukiona chembe nyeupe mgongoni karibu na mkia, uliza kwanza anakula nini. Paka wa ugali mtupu hukosa mafuta ya samaki na nyama, ngozi ikakauka. Huku Palma na Mocímboa da Praia samaki ndiye kitoweo chetu: mchemshie bila chumvi, toa miiba. Ng'onda usimpe. Paka mzee au mnene asiyefikia mgongo kujilamba, mchane kwa kitana.

Sasa fungua manyoya. Je, kuna viroboto? Je, chembe zinatembea? Hao ni utitiri, na huwasha hata watu. Hapa ndipo wengi hukosea. Mafuta ya taa paka huyalamba, yakamdhuru. Permetrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za upele wa watu na za viroboto wa mbwa, ni hatari zaidi: mwili wa paka hauwezi kuivunja. Hutetemeka, hushikwa na degedege, aweza kufa. Ikimgusa, mwoshe upesi kwa maji vuguvugu na sabuni.

Na watoto? Mba ya ukavu haiambukizi. Lakini mabaka ya duara yaliyonyonyoka manyoya huenda ni choa, nayo humfikia mtoto. Asilale na paka huyo. Anawe kwa sabuni. Akitoka mapunye kichwani, mpeleke kituo cha afya, maana mapunye hutaka dawa ya kumeza, kupaka peke yake hakutoshi.