Tujenge Kichanja cha Mboga



Sisi wakulima wa Magoma tumezoea kuacha mboga kama matango, mamung'unya na fiwi zitambae chini. Masika ikifika, hasara inaanza. Matunda yanalala kwenye tope, yanaoza. Yanayobaki yanaliwa na panya. Mama anakwenda bustanini na kikapu, anarudi na matango mawili.

Dawa yake ni kichanja. Mboga ikipanda juu inapata jua na upepo. Matunda yanakuwa safi, na kuyachuma hakuumizi mgongo.

Lakini kichanja chetu cha kwanza kilianguka. Tunawaeleza sababu ili ninyi msirudie kosa letu.

Kosa letu

Tulitaka kichanja cha urefu wa meta 6, na nguzo kila baada ya meta 2. Tukasema: 6 gawa kwa 2 ni 3. Basi tukakata nguzo 3. Kumbe mwisho mmoja umebaki bila nguzo! Tukafunga fito hivyo hivyo, zikaning'inia. Matango yalipoanza kuzaa, upepo wa usiku mmoja ukaangusha vyote. Asubuhi tulikuta mashina yamekatika. Kazi ya wiki nyingi ikapotea.

Nafasi ni 3, lakini nguzo ni 4. Ya kwanza lazima ihesabiwe. Tungechora kwanza kwenye daftari, tungeliona kosa hilo.

Vifaa

- Nguzo 4 ngumu, kila moja meta 2 na nusu.
- Fito 6, kila moja meta 2 na nusu.
- Miti 2 ya kuegemeza.
- Kamba za katani.

Hapa kwetu katika Bonde la Lwengera mkonge si mgeni. Uliletwa nchini mwaka 1893. Mkonge hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Mti wake wa maua hufika meta 5 na zaidi. Ni mwepesi, unafaa kwa fito. Kama shamba ni la wengine, tuombe ruhusa kwanza. Tusipande Usambara kukata miti ya msitu. Msitu ndio unaotunza maji ya mto wetu.

Jinsi ya kujenga

1. Jenga kabla ya kupanda mbegu. Ukichimba baadaye utakata mizizi.
2. Panga mstari kutoka kaskazini kwenda kusini. Upande mmoja utapata jua la asubuhi, wa pili jua la jioni.
3. Choma ncha ya chini ya kila nguzo mpaka iwe nyeusi. Mchwa watachelewa kuila.
4. Chimba mashimo ya nusu meta. Simika nguzo, shindilia udongo na mawe.
5. Egemeza mti mmoja kwa kila nguzo ya mwisho, ufunge vizuri. Huko ndiko kichanja kinakovutwa zaidi.
6. Funga fito 3 juu na 3 chini. Ncha zake zipishane kwenye nguzo.
7. Funga kamba kutoka fito ya chini mpaka ya juu. Acha sentimeta 30 kati ya kamba na kamba.
8. Panda mbegu 2 chini ya kila kamba. Zikiota, bakiza mche ulio na nguvu.

Miche ikianza kurefuka, ielekeze kwenye kamba kwa mkono. Usiikaze kwa kamba, shina litanenepa na kukatika. Kila wiki tikisa nguzo. Ikicheza, shindilia tena.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini matango yanayolala chini huoza upesi?
2. Ndugu yetu anataka kichanja cha meta 10, na nguzo kila baada ya meta 2. Akate nguzo ngapi? Chora kwanza, ndipo ujibu. Ukipata 5, rudi usome kosa letu.
3. Katika kijiji chenu, ni miti gani mchwa hawaipendi? Waulizeni wazee.

Tuhesabu kwanza, ndipo tushike panga.