SOMO LA 12: KUZIBA MATUNDU YA SEVA

Je, umepata kumwangalia fundi wa baiskeli katika mitaa ya Mchafukoge, Dar es Salaam? Hutia mpira wa ndani katika maji. Mapovu yakitokea, hutambua mahali penye tundu. Kisha hubandika kiraka.

Sasa fikiri juu ya duka la vitenge lililo jirani, ambalo huuza pia kwa njia ya intaneti. Tovuti ya duka hilo huwekwa katika kompyuta iitwayo seva. Seva hupokea maombi ya wanunuzi na kuyajibu. Huongozwa na programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na watu. Agizo moja likikosewa, programu huweza kuwa na tundu. Tundu hilo halitoi mapovu.

Mwaka 2014 liligunduliwa tundu lililopewa jina la Heartbleed. Lilikuwa katika OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi duniani kulinda siri za mawasiliano. Mwizi aliweza kupeleka neno fupi, akadai kuwa ni refu, kisha akaomba arudishiwe. Seva haikupima urefu wa neno. Ilirudisha neno hilo pamoja na kumbukumbu zilizokuwa kando yake, hata siri za watu wengine. Kosa hilo lilikuwamo tangu mwaka 2012.

Kiraka, yaani programu iliyosahihishwa, kilitolewa tarehe 7 Aprili, 2014. Kiliiagiza seva ipime urefu kwanza. Lakini kiraka kilichomo sandukuni mwa fundi hakizibi mpira. Kila mtunza seva alipaswa kukiweka. Mwezi huo huo mamlaka ya kodi ya Canada ilitangaza kuwa namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 900 zimeibwa kupitia tundu hilo.

Tena, kiraka hakirudishi upepo uliokwisha kutoka. Siri iliyovuja nayo hairudi. Kwa hiyo, tundu likisha kuzibwa, maneno ya siri hubadilishwa.

Nchini Tanzania, kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa tahadhari juu ya matundu ya programu.

Zoezi

1. Tia upepo katika mpira wa baiskeli uliochakaa, kisha uzamishe majini. Unaona nini?
2. Seva ya Heartbleed ilisahau kupima kitu gani?
3. Mtunza seva amepata kiraka leo, lakini atakiweka mwezi ujao. Eleza hatari yake.
4. Kwa nini maneno ya siri hubadilishwa baada ya kuziba tundu, wala si kabla?