Weka alama mbili zitazamane

Mashine ya kusaga ikifa, akina mama hubeba mahindi na udaga mpaka kijiji cha jirani. Tujifunze basi kitu kimoja cha ndani ya injini.

Kemshafti ni chuma chenye vinundu. Kikizunguka, vinundu hufungua valvu. Valvu moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi. Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara 2, kemshafti mara 1. Ndiyo maana gia ya kemshafti ina meno mara mbili ya gia ya krenki.

Ukifunga kemshafti mpya:

1. Funga dizeli. Safisha gia.
2. Paka oili kwenye vinundu.
3. Weka alama za gia mbili zitazamane.
4. Zungusha krenki kwa mkono mara 2. Chuma kikigonga chuma, usilazimishe. Fungua, angalia tena.

Ukikosea jino moja, injini hukosa nguvu. Ukikosea zaidi, pistoni inaweza kuipinda valvu. Hapo, ndugu wa Ukerewe, utapanda meli kwenda Mwanza kutafuta vipuri.

Maswali

1. Krenki ikizunguka mara 10, kemshafti huzunguka mara ngapi?
2. Kwa nini tunaanza kuzungusha kwa mkono?