Wagonjwa wa Akili na Nyumba Wanamowekwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Ndugu mmoja wa darasa yetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, akasema: "Sheikh, kaka yangu ana maradhi ya akili. Tumempeleka bara, upande wa Nakuru, katika nyumba ya kutunzia watu kama yeye, na kila mwezi twalipa. Je, dhima imetutoka?" Tukamwuliza: "Mmemwona lini mara ya mwisho?" Akanyamaza kitambo, kisha akajibu: "Tangu Idi mbili zilizopita." Swali hili si lake peke yake, ndiyo maana tumelifanya somo la leo.

Jawabu letu ni kwamba kulipa peke yake hakumtoi mtu dhimani. Mwenyezi Mungu katika aya ya 5 ya Sura An-Nisaa ametuamrisha kuhusu wasioweza kusimamia mali yao, na mafakihi wamemhesabu mwendawazimu miongoni mwao, kwamba tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa wema. Chakula na nguo zaweza kununuliwa kwa fedha uliyoituma. Ama maneno mema, hayo hayana budi kusemwa na mtu kwa ulimi wake.

Tena imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Anas kwamba mwanamke mwenye ila katika akili yake alimwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa ana haja kwake. Mtume alimwachia achague njia aipendayo, akaenda naye, akamsikiliza mpaka haja yake ikamalizika. Zingatieni, ndugu zetu: hakumfukuza wala hakumchagulia. Upungufu wa akili haukumwondolea yule mama haki ya kuulizwa apendalo.

Waislamu wa zamani walilifahamu jambo hili. Nuruddin Zanki alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284. Huko Halab, mwaka 1354, ilifunguliwa hospitali ya Arghun iliyokuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili. Zote ziliendeshwa kwa mali ya wakfu.

Ama katika nchi yetu ya Kenya, wakoloni walifungua nyumba ya wendawazimu Nairobi mwaka 1910, nayo ndiyo Mathari ya leo. Na Gilgil, baina ya Naivasha na Nakuru, iko hospitali ya serikali iliyojulikana kwa miaka mingi kwa wodi zake za wagonjwa wa akili. Miongoni mwa wagonjwa hao wamekuwamo waliopata nafuu, lakini hawakutokea jamaa wa kuwarudisha nyumbani. Basi hapo kosa ni la nani? Daktari ametimiza kazi yake. Aliyefunga mlango ni sisi.

Mwenye kutaka kumweka jamaa yake katika nyumba yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, na aipime kwa mambo manne. Kwanza, atazame wakaao humo wanalala wapi, wanakula nini, na kama wanatibiwa pia maradhi ya mwili. Pili, aulize: je, yuko humo anayefungwa, kupigwa au kutiwa chumbani peke yake kwa kuadhibiwa? Tatu, mgonjwa anaelezwa dawa anazopewa, na rai yake inasikilizwa? Sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989, kwa marekebisho ya mwaka 2022, imeitambua haki yake ya kushirikishwa katika matibabu yake. Nne, nalo ndilo kubwa, aulize: "Mnamtayarisha vipi kurudi kwake?" Nyumba njema humzoesha kupika, kufua, kushika fedha yake na kufanya kazi aiwezayo. Nyumba isiyokuwa na jawabu la swali hili ni ya kufungia watu, hata ikiwa sakafu yake yang'aa.

Mtu akisema, "Huyu ana jini, dawa yake ni kisomo na mnyororo," tutamjibu: Qur'ani ni shifaa, na kumwombea mgonjwa ni jambo jema. Lakini Mtume ametuamrisha tujitibu, na mnyororo si aya wala si dawa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza khabari za kufungwa watu hawa katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Ni aibu ikiwa baadhi ya minyororo hiyo inafungwa kwa jina la dini.

Yule ndugu tulimwambia apande basi aende, asitangulize khabari, akae na kaka yake kutwa, amwulize mwenyewe: "Wataka nini?" Akienda, na arudi kutueleza aliyoyaona. Na sisi sote wa darasa hii yatupasa tuandike majina ya wagonjwa wetu walioko bara, tugawane zamu za kuwazuru, na tutenge fungu la kumsaidia anayerudi apate pa kulala na kazi ya kushika. Kalamu imeondolewa kwao, lakini kwetu sisi ingali ikiandika.

Wabillahi taufiq.