Ulevi Miongoni mwa Wanafunzi: Wajibu wa Mwalimu wa Darasa

Mwalimu apangiwaye shule ya kijijini mkoani Singida hachelewi kutambua kwamba ulevi wa vijana mara nyingi huanzia nyumbani kabla haujafika kilabuni. Mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, ndiyo chakula cha watu wengi. Nao mtama ndio upikiwao mtukuru, pombe ya kienyeji ya mkoa huu. Mtoto hutumwa maji ya kupikia, huonjeshwa, wala hakuna aonaye ajabu. Gongo na bangi huja baadaye. Kwa hiyo tukianza kwa kumlaumu mtoto, tumekwisha kukosea.

Tuchukue mfano. Mvulana wa Darasa la Sita husinzia kila Jumatatu, na kinywa chake chanuka pombe. Mama yake hupika pombe ya kuuza mwisho wa juma. Fedha hiyo ndiyo inunuayo daftari na sare. Mwalimu akimchapa, mvulana atatoroka. Akimfukuza, atashinda kilabuni. Akimwamuru mama aache kupika, amemnyang'anya mtoto daftari. Tufanye nini basi?

1. Tuchunguze kabla ya kuhukumu. Usingizi huweza kuletwa na njaa, malaria au mwendo mrefu wa kuja shuleni. Tuandike tuyaonayo kwa majuma mawili: siku, saa, hali ya mtoto.

2. Tuzungumze naye faraghani, kamwe si mbele ya gwaride. Tumwulize, "Jumapili yako huwaje?" badala ya, "Kwa nini unalewa?" Swali la kwanza humfungua kinywa, la pili humfundisha uongo. Wala tusimwahidi siri tusiyoweza kuitunza maisha yake yakiwa hatarini.

3. Tufike nyumbani saa ambayo hakuna wateja. Tusalimie, tukae, tusikilize. Kisha tumwombe mzazi jambo liwezekanalo: mtoto asihudumie wanywaji, asionje, na alale mapema. Tumweleze kwa upole kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18.

4. Tufundishe kwa vitu wavijuavyo. Katika somo la sayansi, togwa iliyotiwa kimea yatosha. Wanafunzi waitazame siku ya kwanza na siku ya tatu: povu limetoka wapi, na harufu imebadilikaje? Hapo wataona jinsi sukari inavyogeuka kuwa kileo. Togwa iliyochacha isionjwe. Tueleze kwamba gongo ni mvuke wa pombe uliopozwa, hauna kipimo, na huweza kuwa na sumu ipofushayo macho. Wakubwa wataje viroba, vilivyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017, wajadili kwa nini vilikuwa rahisi kufichwa mfukoni.

5. Tujue mipaka yetu. Kijana aliyezoea kunywa sana, akiacha ghafula, huweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kupata degedege. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Wahitajio matibabu zaidi ya akili na uraibu huweza kuelekezwa hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mwalimu si tabibu. Kazi yake ni kuona mapema na kusindikiza.

Mwanafunzi huyu huenda akaacha mwezi mmodi, kisha akarudia. Kurudia si ushahidi kwamba juhudi imepotea. Ni sehemu ya safari yenyewe. Tumpokee tena, tumpe kazi ya kuaminiwa: kutunza bustani au kugawa vitabu. Aliyeaminiwa hupata sababu ya kuamka Jumatatu.

Mwisho, tujitazame wenyewe. Mwalimu atokaye kilabuni hawezi kumwita mtoto atoke huko.

Maswali ya majadiliano

(a) Igizeni mazungumzo ya mwalimu na mama wa mvulana huyu. Mama aseme nini kitakachokuwa kigumu kujibu?

(b) Andaeni somo la dakika 40 juu ya kuchacha kwa togwa.

(c) Shule yaweza kumsaidiaje mtoto kupata daftari pasipo fedha ya pombe?