Gitaa la Umeme na Zaburi: Mafunzo Niliyopata

Hunijia vijana wenye gitaa la umeme na daftari la nyimbo, wakitaka kupiga roki na kumwimbia Kristo humo humo. Siwakatishi tamaa. Nimepiga gitaa kwenye kwaya na kwenye kumbi tangu ujana, nimesikiliza roki ya watu wenye imani kwa kaseti, kwa redio na sasa kwa simu, na ninaamini kuna kazi kubwa inayowangoja vijana wetu huko. Ninayoandika hapa ni yale niliyotamani mtu aniambie mapema.

Funzo la 1: Gitaa la umeme lina mizizi kanisani

Kwaya yetu ilipochangishana kununua gitaa la kwanza la umeme, kikao cha wazee wa kanisa kilikwenda hadi usiku. Mzee mmoja, mcha Mungu niliyemheshimu sana, alisema chombo kile ni cha baa na hakina nafasi mbele ya meza ya Bwana. Wanakwaya tulikaa kimya. Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumjibu, maana hata sisi tuliamini kwamba roki ilizaliwa baa na makanisa yakaja kuiazima.

Miaka mingi baadaye binti yangu akanionyesha kwenye simu picha za video za Sister Rosetta Tharpe akiwa Manchester, Uingereza, mwaka 1964. Mama wa makamo, amevaa koti zito, yuko kwenye stesheni ya treni isiyotumika tena. Mvua imelowesha kila kitu, na watazamaji wamekaa ng'ambo ya reli. Anapiga gitaa la umeme huku akiimba habari za gharika ya Nuhu. Nilirudia kutazama kwa sababu ya vidole vyake tu. Kisha nikaanza kufuatilia maisha yake, na hapo ndipo nilipostaajabu.

Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Wamarekani weusi, na mtoto alipiga gitaa mbele ya waumini tangu akiwa mdogo. Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day", aliourekodi mwaka 1944, huhesabiwa na wengi miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za roki. Mwaka 1947 huko Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 aliyekuja kujulikana kama Little Richard. Kwa maneno mengine, mmoja wa walioisimamisha roki alikuwa binti wa mhubiri.

Ukiulizwa na mzee wa kanisa lako, mweleze habari hizi kwa adabu. Usimbishie. Ujue pia kwamba hata Tharpe mwenyewe hakusalimika: alipoanza kuimba kwenye ukumbi wa Cotton Club, New York, mwaka 1938, waumini wengi walimlaumu vikali, na lawama hizo zilimfuata kwa muda mrefu. Historia itakupa jibu la kumpa mzee, lakini haitakuondolea maumivu ya kulaumiwa na watu unaowapenda.

Funzo la 2: Usiuze gitaa usiku wa mkutano

Nilikuwa na rafiki mpiga solo, fundi kweli kweli. Alikwenda kwenye mkutano wa injili, akaguswa, na kesho yake akauza gitaa na amplifaya kwa bei ya kutupa. Sikuutilia shaka wokovu wake hata siku moja. Lililonihuzunisha ni kwamba baadaye kanisa lake jipya lilipotaka mpiga gitaa, alikuja kwangu kuazima.

Little Richard alifanya jambo la namna hiyo mbele ya dunia nzima. Mwaka 1957, akiwa ziarani Australia na jina lake likiwa juu kabisa, alitangaza kuacha roki. Akaenda kusoma theolojia chuo cha Waadventista cha Oakwood, Huntsville, Alabama. Kufikia mwaka 1962 alikuwa amerudi jukwaani Uingereza. Kwa miaka mingi iliyofuata aliendelea kuvutwa huku na huku.

Bendi ya U2 ya Dublin ilipita njia hiyo hiyo ikatoka upande wa pili. Watatu kati ya wanne, yaani Bono, The Edge na Larry Mullen, walikuwa katika ushirika wa kikristo ulioitwa Shalom. Mwaka 1981, karibu na albamu yao ya pili, "October", baadhi ya wenzao wa ushirika waliona kwamba roki na kumfuata Kristo haviwezi kukaa pamoja. Bendi ilikaribia kuvunjika. Meneja wao, Paul McGuinness, akawakumbusha kwamba mikataba ya ziara imeshasainiwa na kuna watu wanaoitegemea. Wakabaki kwenye bendi, wakaondoka kwenye ule ushirika, imani wakaendelea nayo. Mwaka uliofuata, muda wa studio ukiwa umewaishia na mpiga besi wao Adam Clayton akiwa ameshaondoka, walitengeneza haraka haraka wimbo wa mwisho wa albamu ya "War" kutoka Zaburi ya 40. Wimbo huo, "40", ndio waliokuja kufungia maonyesho yao kwa miaka. Wanamuziki walikuwa wakiondoka jukwaani mmoja mmoja, na uwanja mzima ukibaki ukiimba zaburi.

Moyo ukiguswa, mshukuru Mungu, lala, amka. Zungumza na mtu mzima unayemwamini. Kama baada ya hapo bado unaona uache, acha kwa amani. Ila maamuzi makubwa kuhusu kipaji yasifanywe huku spika za mkutano bado zinanguruma.

Funzo la 3: Zaburi zina vilio, na roki inajua kulia

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote.

Tuliitwa kuimba kwenye msiba wa mtoto. Tukaimba tulizozizoea: ushindi, furaha, mbinguni hakuna machozi. Tulipotulia, mama wa marehemu akauliza kwa sauti ya chini kama hatuna wimbo wa mtu ambaye haelewi. Tukatazamana. Daftari letu lilikuwa limejaa nyimbo, na wa namna hiyo haukuwamo.

Nikarudi kwenye Biblia nikasoma Zaburi zote kwa zamu, hata zile zisizosomwa ibadani. Nilishangaa. Nyingi mno ni maombolezo. Ya 13 inaanza kwa mtu anayeona amesahauliwa na Mungu. Ya 88 ni nzito zaidi: inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na hakuna mstari wa mwisho unaokuja kufariji. Hata hivyo watu wa Mungu wameitunza na kuisali kwa maelfu ya miaka. Kama kitabu cha nyimbo cha Biblia kina nafasi ya mtu anayemlilia Mungu asipojibiwa, kwa nini daftari letu halina?

Roki imefanya sehemu ya kazi hiyo. U2 walipotoa "I Still Haven't Found What I'm Looking For" mwaka 1987, kuna Wakristo waliochukizwa. Wimbo unakiri msalaba, kisha mwimbaji anasema bado anatafuta. Waliuona kama kukana. Lakini kwaya ya injili ya New Voices of Freedom iliuimba na bendi hiyo hiyo kanisani Harlem, New York, na ikaonekana katika filamu ya "Rattle and Hum" ya mwaka 1988. Wale wanakwaya waliuimba kama watu waliokuwa nao tangu zamani. Nadhani ni kwa sababu kanisa la Wamarekani weusi, kwa yote lililopitia, halijawahi kumkataza mtu kuimba njaa yake mbele za Mungu.

Yupo pia Nick Cave, Mwaustralia. Mwaka 2015 alifiwa na mwanawe Arthur, kijana wa miaka 15. Albamu ya "Ghosteen" ya mwaka 2019 ilitoka katika huzuni hiyo. Haina majibu mepesi, na Kristo anatajwa humo kwa namna ambayo mhubiri wa kawaida asingemtaja. Cave amezungumza wazi jinsi msiba ule ulivyomsogeza karibu na kanisa. Ninamsikiliza nikimkumbuka yule mama.

Kwa hiyo kabla hujaandika wimbo wako wa ushindi, andika mmoja wa mtu anayelia. Usiubandikie furaha mwishoni ili wasikilizaji wapumue. Wapo wafiwa watakaokuja kuutafuta.

Funzo la 4: Fundi asiyesali nawe anaweza kukusaidia

Tulikuwa studio, tunarekodi wimbo wa sifa. Fundi wa sauti, kijana Mwislamu, akasimamisha mashine. Akasema besi haijatyuniwa sawasawa na ngoma inakimbia, na kwamba yeye hawezi kuachia kazi ya namna hiyo itoke kwa jina la Mungu. Tulirudia kutwa nzima. Ndiyo rekodi yetu pekee inayosikilizika hadi leo.

Bob Dylan alipomwamini Kristo na kutaka kuimba imani yake mpya mwaka 1979, alimfuata Jerry Wexler, mtayarishaji aliyekuwa amefanya kazi na Ray Charles na Aretha Franklin. Wexler alikuwa Myahudi asiyeamini kuna Mungu. Walirekodi "Slow Train Coming" katika studio ya Muscle Shoals Sound, Alabama, Mark Knopfler akipiga gitaa, na wimbo wa "Gotta Serve Somebody" ukampa Dylan tuzo ya Grammy ya mwimbaji wa kiume wa roki. Mashabiki wa zamani wengine walimzomea San Francisco Novemba ile, kwa kuwa alikataa kuimba nyimbo zake za awali. Kazi yenyewe imedumu kwa sababu ilitengenezwa na watu wanaojua kazi.

Jifunze ala yako. Lipa fundi mzuri.

Funzo la 5: Tafuta mlango ulio wazi

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Costa Mesa, California, mchungaji Chuck Smith wa Calvary Chapel aliwapokea vijana wa mtaani wenye nywele ndefu na miguu peku. Inasimuliwa kwamba wazee wake walipohofia zulia litachafuka, alisema ni heri zulia liondolewe. Bendi yao ya Love Song ikapiga ibadani, na mwaka 1971 kanisa lilianzisha Maranatha! Music ili kusambaza nyimbo zao. Sehemu kubwa ya nyimbo za kuabudu zinazopigwa na bendi makanisani leo inaanzia hapo.

Mimi nilifunguliwa mlango na katekista aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi na subira ya kutusikiliza tukikosea. Kijana, mtafute mtu kama huyo katika usharika wako kabla hujaanza kutafuta jukwaa. Nanyi wachungaji na wazee wenzangu, nawaomba: wapeni ukumbi jioni moja kwa wiki, waacheni watumie umeme, na mmoja wenu akae nao hadi wamalize.