Katedrali ya Rubaga

Katedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu. Kiti ndicho kinacholipa jina hilo, wala si ukubwa wa jengo. Tangu zamani Wakristo walipenda kuijenga mahali pa juu. Huko Italia, mji wa Orvieto umekaa juu ya jabali. Ujenzi wa katedrali yake ulianza mwaka 1290 ukaendelea karibu miaka 300. Mtu wa Alimbongo, aliyezoea kupanda mlima na mzigo mgongoni, hatashangaa.

Uganda nako iko katedrali ya kilimani, ndiyo Rubaga. Zamani hapo palikuwa na jumba la Mfalme Mutesa. Mwaka 1889 Mwanga, mwanawe, aliwapa Mapadri Weupe kilima hicho, nao wakajenga kanisa. Katika vita vya Januari 1892 likateketea. Je, waliopigana walikuwa wapagani? La. Walikuwa Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti, wakigombea utawala kwa bunduki. Ni jambo la aibu, lakini kila mkatekumeni na alijue.

Mwaka 1914 Askofu Streicher alianzisha kanisa lililopo leo, la matofali, lenye minara miwili. Mwaka ule ule vita vikuu vikaanza Ulaya. Kazi ilimalizika mwaka 1925.

Mwaka 1939 Padri Joseph Kiwanuka, Mganda, aliwekwa askofu mjini Roma kwa mikono ya Papa Pio XII. Baadaye kiti cha Rubaga kikawa chake. Alifariki mwaka 1966, akazikwa humo katedralini.